Luqmani Agoma Kurekodi Kanda ya Krismasi

Benchi letu lilikuwa limeegemea ukuta wa kibanda cha Luqmani, upande wa Lyamkena, pale mabasi yanapopunguza mwendo kabla ya kuingia stendi ya Makambako. Humo ndani mlikuwa na redio ya deki mbili, spika moja nzima, nyingine inayokoroma, na kanda zilizopangwa mpaka darini. Luqmani alirekodi kanda za majira: ya Idi, ya Pasaka, ya msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ya harusi za baada ya mavuno. Unamwambia shughuli yako, anakupangia nyimbo mchanganyiko pande zote mbili, na mwanzoni anaweka sauti yake akikusalimia wewe na familia yako. Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na tatu, mvua ikinyunyiza tangu alfajiri, na sote tulikuwa tumechoka ingawa hakuna aliyekuwa amefanya kazi. Zuena, muuza kahawa wetu, alikuwa anatumiminia. Ndipo Luqmani akasema:

— Mwaka huu sirekodi kanda ya Krismasi.

Sudi alishusha kikombe. Huyu aliendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia, na sisi tulimwita Hendibreki, maana akishakaa haondoki.

— Hurekodi vipi? Siku hizi si kila kitu ruksa?

— Na kutorekodi pia ni ruksa.

— Najua kinachokusumbua. Zimeingia kanda za Dar zenye picha ya rangi mbele. Zako zina mwandiko wa peni tu.

— Siyo hilo.

— Ni baridi, alisema Tarsis. Yeye alisoma seminari kidogo akarudishwa kwao Njombe, kwa hiyo alikuwa Frateri wetu. — Utepe ukikaa hapa Makambako unasinyaa. Ikifika Desemba wimbo unakwenda polepole. Mtu anaisikia Krismasi inaburuza miguu, anachoka hata hajavaa.

— Utepe hausinyai, Frateri.

— Mbona wewe umesinyaa?

Zuena alicheka puani. Hendibreki hakukubali kupitwa.

— Tatizo ni kurekodi juu ya kanda kuukuu. Anafuta Idi anaweka Krismasi, anafuta Krismasi anaweka ulanzi. Wimbo haufutiki wote, unabaki chini kule. Ndiyo maana mwaka jana kwaya inaimba, mimi mguu unacheza bolingo la Zaire.

— Basi zinazaana! alisema Frateri. — Umefungia kwaya na bolingo humo ndani mwaka mzima, unategemea nini? Pasaka utakuta wimbo ambao hakuna binadamu aliyeuimba.

— Na wewe utaubatiza, alisema Zuena. Kisha akamgeukia Luqmani. — Waambie basi, kaka. Watakesha hawa.

Luqmani alizungusha kikombe kiganjani.

— Ni zile salamu. Nataja majina ya nyumba nzima, si mnajua? Mwaka huu watu wananirudishia kanda. Mtu anaiweka mezani, anasema nifutie jina hili. Amekuja wa Mahongole. Wamekuja wa huku huku Lyamkena. Nafuta, panabaki kimya kidogo, halafu gitaa linaingia. Nimechoka jamani. Nikirekodi nyingine, nitajuaje nani wa kumtaja?

Hapo hakuna aliyeleta habari ya baridi wala ya kuzaana. Miaka ile kila mmoja wetu alikuwa ametoka msibani au anakwenda. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja kwa jina.

Basi la kutoka Njombe lilisimama, akashuka mama mmoja aliyejitanda kitenge, akavuka tope mpaka kwetu.

— Kamwene, alisalimia kwa Kibena.

— Kamwene, Frateri alimjibu.

— Namwulizia anayerekodi kanda. Mimi ni Teodora, mke wa Timoth wa kijiji cha Yakobi.

Luqmani alisimama. Timoth tulimfahamu vizuri, fundi seremala aliyekuja kila Desemba kuchagua nyimbo zake. Alikuwa haridhiki na kionjo. Kila wimbo lazima ausikie mpaka mwisho, na wewe ukae kimya.

— Timoth mwenyewe hajambo? aliuliza Hendibreki.

— Tulimzika Agosti.

— Pole sana, mama. Pole.

— Tumeshapoa.

Luqmani alinyoosha mkono taratibu.

— Umeleta kanda nikufutie?

— Hapana, ile haifutwi. Nataka ya mwaka huu. Watoto wananiuliza kama Krismasi hii tunacheza au hatuchezi. Nikawaambia tunacheza. Lakini wimbo wa kwanza uwe ambao Timoth hakuwahi kuusikia. Ukianza wa kwake, mimi siinuki kitini. Za kwake ziweke baadaye, mwili ukishapata moto.

Luqmani alimtazama, akatutazama sisi, akaingia kibandani. Tulimfuata mpaka mlangoni, hata Zuena aliacha birika lake.

Aliweka kwaya. Teodora akatikisa kichwa.

— Huu tunao.

Aliweka dansi la zamani.

— Huu alikuwa akiuimba akipiga randa.

Aliweka bolingo. Teodora alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

— Huu ndio alionifundishia kucheza. Zima.

Luqmani alitoa kanda moja baada ya nyingine, mpaka meza ikajaa. Mwishowe akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya meza kanda ambayo abiria mmoja wa treni ya TAZARA, mtu wa Zambia, aliisahau pale benchini. Luqmani hakuwahi kuipiga. Akaipuliza vumbi, akaitia dekini.

Yakatoka magitaa mawili yanayokimbizana, na sauti za wanawake zikiitikia. Teodora aliusikiliza wote akiwa amesimama, maji ya mvua yakimdondoka miguuni.

— Wanaimba nini? aliuliza.

Tulimgeukia Hendibreki, aliyepeleka malori Zambia nusu ya maisha yake na kutuapia kwamba lugha zote za kule anazijua. Akainama kufunga kamba za kiatu.

— Hatujui, mama, alisema Luqmani.

— Basi huo ndio wa kwanza.

Luqmani alitia kanda tupu deki ya pili, akavuta maikrofoni.

— Nitajie majina.

— Lightness. Tabea. Hao watoto. Telesia, huyo ni mama mkwe. Na mimi, Teodora.

Akayasema yote bila haraka, akawatakia Krismasi njema, akaachia magitaa.

Tuliporudi benchini Zuena aliinamisha birika juu ya kikombe cha Frateri. Hakikutoka kitu. Frateri aliangalia kikombe kitupu, akainuka, akasema anapanda basi la Njombe kwenda kuwaona wa kwao, kabla naye hajaleta jina la kufuta.