Rebeccah na Ukurasa wa Arobaini na Saba

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Afisa wa Maktaba kutoka makao makuu ya kaunti, Mchungaji wetu, Chifu Kipchirchir na wazee wa vijiji, walimu wenzangu, akina mama, vijana, na wewe Madam Rebeccah, ambaye leo umeketishwa kwenye viti vya wageni ndani ya maktaba yako mwenyewe: chamgei! Na kwa ndugu zetu waliovuka mto kutoka upande wa kambi ya chai: bwakire! Itifaki yote naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa, kwa maana mvua ya Kiptere haingojei itifaki.

Nimepewa dakika kumi za kueleza miaka ishirini na sita ya kazi ya Rebeccah, mkutubi wetu anayestaafu leo. Aliyenipa dakika hizo ni wazi hakuwahi kusomeshwa na mimi.

Wengi wenu mnajua kwamba mwaka wa 2011 mimi, Mwalimu Gibson, nilitoa kitabu cha historia ya lokesheni yetu. Nilizunguka miaka minne, kutoka Londiani mpaka Chepilat, nikiwahoji wazee, na kila boma nililoingia nilipewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, nami sikukataa. Ni kitabu kizuri. Kina picha kumi na moja. Na kwenye ukurasa wa arobaini na saba kinasema kwamba shule ya msingi mnayoiona hapo nje ilijengwa na wazee watatu, wote wa ukoo wangu, na kwamba watu wa kambini walikuwa "wageni wa kupita".

Nilimpa Rebeccah nakala moja ya maktaba. Baada ya miaka miwili nikaja kuiangalia, kama mtu anavyoenda kumtazama ng'ombe wake aliyemwacha kwa rafiki. Nikakuta pambizo, ile nafasi nyeupe ya pembeni, imejaa maandishi ya penseli, ya watu mbalimbali. Na Rebeccah mwenyewe ndiye aliyefunga penseli kwa uzi pale kwenye rafu ya vitabu vya historia, chini kabisa ya tangazo linalosema usiandike kitabuni! Niliwaka. Niliandika barua kwa wakubwa wake nikitaka aachishwe kazi. Ndiyo, Bwana Afisa, ile barua isiyo na jina iliyoko kwenye faili yake ilikuwa yangu.

Mnajua aliniambia nini nilipomlalamikia? Hakupandisha sauti. "Mwalimu," akasema, "watu wameandika na penseli tu. Kama ni uongo, chukua raba ufute."

Nikaenda nikanunua raba. Mnacheka? Niliketi meza ile ya dirishani tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. Pale ukurasa wa arobaini na saba palikuwa pameandikwa: "Mama yangu Mongina alibeba mawe ya hii shule kutoka mtoni, kila siku wakimaliza kupima majani ya chai. Nyabate." Chini yake mtu mwingine: "Ni kweli, nilimwona." Chini zaidi, kwa mkono wa mzee unaotetemeka: "Na Ongeri ndiye alichonga mawe ya kona." Siku nzima nilifuta neno moja tu, lililosema mwandishi ana maringo. Mengine ningeyafutaje? Mwaka wa 1966 nilikuwa darasa la tatu, na mimi mwenyewe nilimwona Mongina akipanda kilima kile, jiwe ndani ya kikapu cha majani, jasho likimtoka. Niliona kwa macho yangu. Ila nilipokuja kuandika, sikudhani kwamba mambo ya vibarua ni historia. Kwa hiyo nikaenda nyumbani, nikanyamaza.

Mwaka wa 2019 Mongina akafariki. Familia yake ilitaka kumzika katika kiploti chao hapa juu ya shule, mahali alipoishi tangu alipoacha kuchuna chai. Ukaitwa mkutano. Mzee mmoja wa ukoo wangu akasimama na kitabu changu mkononi, akasoma ukurasa ule kwa sauti. "Mmesikia," akasema. "Kitabu kimesema ni watu wa kupita. Basi mama apelekwe kwao Nyamira." Wengi wakaitikia kwa vichwa. Nani angebishana na kitabu?

Rebeccah alibishana nacho. Alifunga maktaba saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kufanya hata siku ya uchaguzi, akaja na ile nakala. Hakuhutubia. Alisoma pambizo, mstari kwa mstari, na kila aliyeandika na bado yuko hai akaombwa asimame. Walisimama saba, wanne wao Wakipsigis wenzangu. Yule mzee alivaa kofia yake akaketi. Mongina alizikwa hapa Ijumaa ya wiki ile, mahali ambapo kengele ya shule husikika vizuri.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi ya huyu tunayemuaga leo. Mheshimiwa, atakayeajiriwa baada yake, tafadhali asije akaiondoa penseli. Toleo jipya la kitabu limetoka wiki hii, na majina thelathini na mawili ya waliobeba mawe yamo. Safari hii nilivuka mto, nikalishwa mboga za chinsaga mpaka nikashindwa kufunga mshipi. Rebeccah, nilitaka ufukuzwe kazi, nawe ukaniokolea kitabu. Nakushukuru kutoka moyoni.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika toleo lolote. Nyabate, najua umo humu. Katika mkutano ule niliketi safu ya pili. Wakati ukurasa unasomwa uligeuka ukanitazama, kwa sababu mimi ndiye mwandishi, na neno langu moja lingetosha. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, dada yangu. Kilikuwa woga. Niliwaogopa ndugu zangu, mama yako akiwa mochari akingoja. Sikuombi unijibu mbele ya watu. Nilitaka watu hawa wote wajue kwamba siku ile nilikuwepo, nilijua ukweli, na sikusimama.

Nisamehe. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.