Hezekiah Gicheru, Aliyetaka Kamati Mbili

Marehemu Hezekiah Gicheru alizaliwa Kiganjo tarehe 9 Agosti 1961, kifungua mimba wa marehemu Mzee Simeon Wamae na Mama Wachuka. Mimi ninayesoma ni Murugi, dada yake wa pekee.

Alisoma shule ya msingi hapa Kiganjo, akamaliza sekondari Nyeri mwaka 1979, kisha akasomea kompyuta Nairobi. Tulipokuwa bado wadogo nyumbani, kumtuma dukani ilikuwa kazi bure. Siku moja alitumwa chumvi, akarudi mikono mitupu, kumbe alikuwa akimtengenezea mwenye duka mizani. Tulikula hivyo hivyo, na baba akacheka.

Mwaka 1993 alirudi Nyeri kufundisha kompyuta. Hapo ndipo alipoandika programu ya kupima kahawa viwandani. Rafiki yake Jamleck Kathurima wa Timau akaichukua hiyo, akaibadilisha iwe ya kupima maziwa. Zote mbili walizigawa bure, maandishi yake ya ndani yakiwa wazi, ili anayejua arekebishe. Kamati ya kuziangalia ilikuwa moja, na wao wawili walikuwa chanda na pete.

Marehemu ndiye aliyesema kamati ziwe mbili, kwa kuwa watu wa kahawa hawajui mambo ya ng'ombe. "Ndugu wakioa, kila mtu anawasha jiko yake," alimwambia Jamleck, "na bado ni ndugu."

"Leo unagawanya kamati," Jamleck akamjibu, "kesho utagawanya sisi."

Mkutano wa watumiaji wa programu hizo, uliofanyika Sagana Machi 1997, ulipiga kura kamati ibaki moja. Kamati hiyo ikapitisha kanuni moja kwa programu zote mbili, na basi, jamani, mashine za Timau zikaanza kupunguza uzito wa gunia tupu la kahawa kwenye kila mkebe wa maziwa. Wakulima walipolalamika, marehemu alimcheka Jamleck mbele ya watu. Halikuwa jambo jema, na nilimwambia. Jamleck aliondoka bila kuaga, na hawakuongea tena. Baadaye kamati zilitenganishwa, programu zote zikaenda vizuri. Marehemu alikuwa ameshinda, akabaki peke yake.

Hakuoa. Jumapili alikula kwangu, halafu akarudi chumbani kwake kwa mashine yake. Upweke ulikuwa unamla, sisi tukidhani ni kazi.

Novemba 1998 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Nyeri. Kila mlango wa wadi ulipofunguliwa aliinua kichwa. Nilimuuliza anamngoja nani.

"Nilitaka tutenganishe kamati, Murugi. Sikutaka sisi tutengane."

Nikasema nipige simu Timau. Akakataa, ati Jamleck ako na kazi nyingi. Alikuwa na kiburi, ndugu yangu, na kilimtesa. Alituacha Alhamisi, tarehe 11 Machi 1999, alfajiri.

Ameacha Mama Wachuka, mimi dada yake, shemeji yake Ngatia, na wapwa zake Wakiuru na Kinyua. Ameacha pia ndugu yake, Jamleck Kathurima. Mama ndiye aliyeamuru aandikwe hapa, kwenye mstari wa familia.

Mungu amlaze Gicheru mahali pa amani. Na wewe Jamleck, kama umefika, usisimame nyuma na wageni. Familia ikiitwa kutia udongo, njoo utie wako baada ya wangu.