Mama Pindo na Benchi la Nje ya Geti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, usisimame, tutakwenda pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa fundi cherehani, na wengi walimjua kwa jina moja tu, Mama Pindo. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Pindo, fundi cherehani, mpekuzi wa getini katika ile nyumba ya kanisa inayowapokea walevi wasio na pa kulala, wanaume kwa wanawake.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Mliopita kwenye geti lile mna sababu zenu. Huyu mama alikufumulia suruali hadharani, akakuacha umejifunga pazia la maua, na bado ukatoka hapo unamwambia asante.

Tuanze mwanzo. Mama Pindo alikuwa fundi hodari. Alishona kwa mkono wa kushoto, na mishono yake yote ililalia kushoto, kiasi kwamba mafundi wenzake waliitambua kazi yake kwa mbali. Mume alifariki mapema, akamwacha na mtoto mmoja wa kiume. Cherehani ikawalisha wote wawili. Mtoto alikulia chini ya meza ya kushonea, anaokota vifungo, anajifunza kushona kwenye vipande vya nguo zilizobaki. Naye ni wa mkono wa kushoto, kama mama yake.

Sasa, Mama Pindo alikuwa na wateja wa aina yake. Wanaume walimletea makoti awashonee mifuko ya siri, ya kuficha vipakiti vya pombe kali, wake zao wasijue. Alishona mfuko ndani ya bega. Alishona mfuko ndani ya mkanda. Bwana mmoja alitaka mfuko ndani ya kofia, akaupata, akaivaa kofia hiyo hadi msibani. Alipoivua kwa heshima, pakiti ikadondoka juu ya jeneza. Inasemekana mjane aliitazama pakiti ile, akamtazama yule bwana, akaitia kwenye mkoba wake.

Wateja hao walimlipa fundi kwa kinywaji. Mwanzoni alionja. Baadaye akawa anawaharakisha waje. Cherehani ikauzwa, chumba kikaenda, na dada yake mkubwa akaja kumchukua mtoto, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Mama Pindo akahamia kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Alilala hapo miaka sita. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa, mwenye duka akimruka kila asubuhi ili afungue mlango.

Mke wa mchungaji ndiye aliyemtoa barazani. Alikuja na chai na mkate, akakaa naye chini kwenye saruji, hakuhubiri. Siku ya tatu akamwambia, "Twende nyumbani kwetu, kuna kitanda." Mama Pindo akaenda. Ila alikwenda na vipakiti tisa ndani ya nguo, kila kimoja kimeshonewa mahali pake kwa ufundi wa hali ya juu.

Ibada ya kwanza ikamuumbua. Wote walipopiga magoti kuomba, pakiti ya kwenye goti ikapasuka. Harufu ikajaa kanisani. Mchungaji, ambaye alikuwa katikati ya sala ndefu, akavuta pumzi, akasema, "Bwana, tunakushukuru kwa yote, na hili nalo tunaliweka mikononi mwako." Jioni ile Mama Pindo alikuwa amerudi barazani.

Akapokelewa mara ya pili. Akaingia na saba. Akatolewa tena. Mara ya tatu mke wa mchungaji alimsubiri getini na wembe mkononi. Alimpa ule wembe, akamwambia, "Dada, wewe ndiye unayejua ulipoficha. Fumua mwenyewe." Wakamzungushia pazia la jikoni, lile la maua, na Mama Pindo akakaa kwenye kigoda akafumua kila pindo la nguo zake, moja baada ya jingine, mbele ya mashahidi. Vikatoka vipakiti kumi na moja. Akavimwaga mwenyewe kwenye mfereji. Halafu akaomba sindano na uzi, akazishona nguo upya, akazivaa, akaingia. Hakugusa pombe tena kwa miaka kumi na tisa, mpaka anafariki.

Ndivyo desturi ya nyumba ile ilivyoanza. Huingii kabla hujafumuliwa na kushonwa upya. Na nani mwingine angeifanya kazi hiyo? Maficho yote ya mji huu aliyashona yeye. Mchungaji mwenyewe ameniambia: "Watu walikuja na mbinu wanazodhani ni mpya. Mama Pindo anagusa kola, anacheka, anamwambia mtu, hii nilimshonea mjomba wako."

Hakumbagua mtu. Alipokuja askofu kuweka wakfu kanisa dogo la nyumba ile, alimsimamisha na yeye getini. Mchungaji alitamani ardhi ipasuke. Mama Pindo akafungua mkoba wa askofu, akatoa chupa.

"Mama, hiyo ni divai ya Meza ya Bwana," askofu akasema.

"Sawa, Baba Askofu. Ila humu ndani nina watu thelathini ambao pua zao haziulizi ni ya meza gani."

Akaimwaga palepale. Kisha akaona pindo la kanzu ya askofu limekakamaa kuliko kawaida, akaomba radhi, akalifumua. Halikuwa na kitu zaidi ya ushonaji mbaya. Askofu akasubiri pembeni, amejifunga pazia la maua, huku kwaya ikirudia pambio lilelile mara sita. Ushirika ukafanyika kwa juisi ya zabibu. Wiki iliyofuata askofu alituma kanzu tatu na kijibarua kilichosema tu: "Pindo."

Basi huyo ndiye mama yetu. Mkali, mcheshi, hapindishi. Na sheria ya geti aliitunga mwenyewe. Ukikutwa na pombe, unakaa nje siku saba. Kila asubuhi unakuja kwenye benchi la nje ya geti, unakaa mpaka jioni, hujanywa. Ukinywa, hesabu inaanza sifuri. Sababu aliieleza waziwazi: mara mbili yeye mwenyewe aliingia kirahisi, na mara mbili alitoka kirahisi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho ukali huo haukukitengeneza. Mwanawe hakutaka kumwona. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Pindo alikwenda kwa dada yake, amevaa vizuri, amebeba shati alilomshonea kijana. Akibisha mlango wa mbele, kijana anatoka kwa mlango wa nyuma. Hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Dada mtu anasema, "Nilikuwa na kabati zima la mashati mapya. Hakuvaa hata moja. Na mdogo wangu hakuacha kushona."

Kijana akakua, akawa fundi rangi. Akaanza kunywa na yeye. Mama mkubwa wake alimvumilia mpaka alipouza mlango wa bafu. Alipoulizwa, alisema ulikuwa unapiga kelele. Akafukuzwa, akaanza kulala kwenye majengo aliyokuwa akiyapaka rangi, na yalipokwisha kupakwa, akalala stendi.

Miaka sita iliyopita, asubuhi moja, kijana akatokea getini. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Amekonda, koti limemzidi. Mama Pindo alikuwa kwenye kigoda chake. Wanaokumbuka wanasema wembe ulimdondoka. Hakumkumbatia. Alimwambia, "Karibu. Vua koti."

Akapekua mifuko, hamna kitu. Akapekua mapindo, hamna kitu. Akafika kwenye kola, akaipitisha vidoleni, na vidole vikasimama. Mshono ulilalia kushoto.

Wasikilizaji wapendwa, hapo pana mzigo. Watu walikuwa wamepanga foleni, lakini hakuna ambaye angejua. Ule mshono ulikuwa safi kiasi kwamba mtu mmoja tu duniani angeugundua, na mtu huyo ndiye aliyeufundisha. Angenyamaza, mwanawe angelala kitandani siku hiyo, baada ya miaka kumi na mitatu ya mlango wa nyuma. Akisema, huenda kijana angegeuka na asirudi tena maisha yake yote. Alikuwa akimtaka ndani kuliko alivyowahi kuitaka pombe. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye, na bila aibu.

Akashusha pumzi. "Mshono mzuri," akasema. Halafu akainua sauti, foleni nzima isikie: "Nimevipata. Vipakiti vitatu. Siku saba nje."

Kijana akachukua koti lake. "Nilijua," akasema. "Hata leo utanitoa."

Mama Pindo akaondoka kwenye kigoda, akaingia ndani. Watu wakadhani amekwenda kulia. Dakika chache baadaye akatoka, amekumbatia cherehani ya mkono kifuani, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Akalipita geti, akaiweka cherehani kwenye benchi, akakaa.

Mchungaji akamkimbilia. "Mama, sheria inamtoa aliyekutwa na pombe. Haimtoi mpekuzi."

"Haimkatazi pia," akajibu. "Niliitunga mimi, naijua. Niletee meza."

Ofisi ya Mama Pindo ikahamia nje. Wageni wakapekuliwa nje. Suruali zikafumuliwa barabarani, pazia likafungwa kwenye mti wa jirani, na waendesha baiskeli wakaanza kupita njia ile bila sababu ya maana. Mama mkubwa akawachukua wote wawili kulala kwake. "Nililaza walevi wawili sebuleni," ananiambia, "mmoja wa zamani, mmoja wa sasa. Wote wanakoroma sawasawa."

Siku tatu zikaenda vizuri. Kijana alikaa upande mmoja wa benchi, mama upande mwingine, cherehani katikati. Hawakuzungumza zaidi ya nipe mkasi, shika mkasi.

Siku ya nne kijana hakutokea. Mvua ikanyesha. Mchungaji akatoka na mwavuli, akamsihi aingie, mwanawe ameshakwenda. Mama Pindo akagoma. "Akirudi akikuta benchi halina mtu, atasema alijua. Sitaki aseme alijua tena."

Alilowa hapo siku nzima. Kesho yake mchana kijana akarudi, miguu peku, amelewa chakari, amejiandaa kwa matusi yote aliyostahili. Mama yake akamtazama toka juu mpaka chini. Akasogeza cherehani.

"Kaa," akamwambia. "Kuna vifungo vya kushona."

Mchungaji, ambaye ana moyo laini, akamnong'oneza mama: zile siku tatu za mwanzo tumhesabie, zibaki nne tu. Mdomo wa Mama Pindo ulitaka kusema ndiyo. Kijana ndiye aliyemwahi. Alisema kwa ulimi mzito, "Hapana. Sifuri. Nimekunywa, si umeona nimekunywa?" Mchungaji anasema hajawahi kumsikia mtu akijitetea kwa nguvu vile ili aadhibiwe.

Wakaanza upya. Siku saba kamili. Jumla mama yule alikaa benchini siku kumi na mbili. Katika hizo saba za mwisho walianza kusemezana. Kwanza waligombana juu ya mlango wa bafu. Halafu juu ya mashati ya kabatini. Halafu, siku ya tano, kijana akamuuliza swali alilolibeba tangu ana miaka minane: kwa nini siku ile hukunifuata? Akamjibu bila kujipamba. "Nilikuwa nimelewa, mwanangu. Sikujua umekwenda mpaka kesho yake." Kijana alilia. Mama naye akalia, huku akishona, na suruali ya watu ikatoka mguu mmoja mfupi.

Siku ya kumi na tatu wakaingia. Alimfumua nguo zote, hakumwachia hata soksi, akazikuta safi, akamshonea upya.

Kijana leo ana miaka thelathini na mitatu. Hajanywa kwa miaka sita, isipokuwa wiki moja ya mwaka wa pili, ambayo mwenyewe aliniomba niitaje. Mama yake aliugua kifua kwa miezi miwili, akafia mle ndani, kwenye kitanda chake, mwanawe amemshika mkono.

Nilimuuliza kijana ni nani aliyemwokoa. Akasema, "Yesu." Nikamuuliza, mpumbavu mimi, alimjuaje. Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nimegeuza kona, nimelewa, naogopa kutazama mbele," akasema. "Nikatazama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, amelowa, amenuna, anashona."

Tunatoa pole kwa kijana huyo. Tunatoa pole kwa dada wa marehemu, kwa mchungaji na mkewe, na kwa wote walioshonwa upya pale getini. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, labda una ndugu uliyemwambia ukweli, akakasirika, akaondoka. Ukweli ulikuwa wa lazima. Sikulaumu. Ila jiulize, baada ya kuusema, ulikwenda kukaa wapi?