Bixente Arruabarrena wa Nyumba ya Sagastizabal, Mnyanyua Mawe (1951–2024)

Ndugu, majirani na nyote mliopanda mlima huu na mvua hii, asanteni. Tunayemzika leo, Bixente Arruabarrena, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1951 katika nyumba ya Sagastizabal, hapa Arrizketa, mtoto wa mwisho wa marehemu Bernardo na marehemu Eustakia. Alizaliwa na kilo tano. Mkunga alimpima mara mbili akidhani mizani imeharibika. Bixente alijivunia uzito huo mpaka uzeeni, akawasimulia hata wauguzi ambao hawakumwuliza.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1957 hadi 1965. Alichapwa kwa kusema Kibaski, lugha yetu, badala ya Kihispania darasani, akatoka anajua kusoma, kuandika, na kutukana kwa lugha mbili. Hakuendelea na masomo kwa sababu ng'ombe walikuwa wanamngoja. Mwaka 1969 akaajiriwa Tolosa, kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 2014. Hakuna aliyemsikia akisifia kazi hiyo. Akili yake ilikuwa kwenye mawe.

Tarehe 16 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roke, tunalitoa jiwe la kilo themanini barazani pa kanisa, na kila nyumba inaleta mtu mmoja. Akilifikisha begani, jina la nyumba na lake mwenyewe linasomwa mbele ya watu wote. Likimshinda, nyumba yake inarukwa, na wakati wa chakula familia nzima inakaa mwisho wa meza, karibu na choo. Siku nyingine zote za mwaka ni mwiko kuligusa jiwe hilo.

Mwaka 1971, kijana Bixente alipewa zamu ya kuibebea nyumba. Jiwe la mazoezi la nyumbani lilikuwa la kilo sitini tu. Akalitoboa, akawa anamiminia ndani madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kila mwezi kidogo, maana kichwani mwake nguvu ilikuwa kilo na hakuna kingine. Risasi ikajaa upande mmoja. Wiki mbili kabla ya sikukuu, jiwe liligeuka lenyewe begani mwake na kumvunja mtulinga. Familia ikala karibu na choo. 

Mfupa ulipounga, aliikwangua risasi yote, jiwe likarudi kwenye kilo zake sitini, na hakuliongeza tena maisha yake yote. Alibadilisha kila kitu kingine. Alilinyanyua mara nyingi zaidi. Akapunguza kupumzika katikati. Akapanda juu ya mbao ili ainame chini zaidi kulichukua. Akalishusha polepole, wakati wenzake wote wanalibwaga. Kijiji kilimcheka, lakini kuanzia 1972 jina la Sagastizabal lilisomwa kila mwaka bila kukosa.

Tarehe 8 Mei 1976 alimwoa Xixili Olano. Walikutana kwenye nyumba ya mvinyo wa tofaa, ambako Bixente alinyanyua pipa kumwonyesha.

"Kaka, weka chini," Xixili akamwambia. "Mimi natafuta mume, sitafuti winchi."

Akaliweka chini. Walijaliwa mabinti wawili, Garazi na Oihana.

Agosti 2022, akiwa na miaka sabini, Bixente alilifikisha jiwe begani kwa mara yake ya mwisho, akarudishwa nyumbani akihema vibaya. Mwezi Oktoba madaktari wakasema ni saratani ya mapafu, na kwamba asinyanyue hata ndoo. Kufa alikubali. Hakukubali nyumba irukwe.

Fermin, jirani yetu, alikuja kumpa pole, akaharibu. "Basi Sagastizabal imeisha, mzee. Una mabinti tu."

Xixili alikuwa anakoroga maharage. Hakugeuka. "Fermin, inatakiwa mtu wa nyumba. Garazi ni mbuzi?"

Garazi, mpishi wa shule, ana miaka arobaini na minne, na wakati huo alikuwa hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko sufuria. Alicheka. Halafu akamwona baba yake hacheki.

Wakaanza asubuhi iliyofuata, zizini, Bixente kwenye kiti na blanketi magotini. Katika mwezi ule wa kwanza wa mazoezi, jiwe la sitini lilifika magotini kwa Garazi, likakataa kwenda mbele. Kufika Krismasi likapakatika mapajani. Fermin akachungulia mlangoni: "Garazi, unanyanyua au unanyonyesha?"

"Njoo ulipokee, nikupe na nepi yake!"

Machi likapanda begani. Garazi akafurahi, akataka kilo zaidi. "Baba, Agosti ni themanini. Hili ni sitini. Tuongeze!"

"Usithubutu. Leo umelipandisha mara moja. Kesho mara mbili. Ukizoea, tunapunguza kupumzika. Halafu panda kwenye mbao. Halafu utalishusha taratibu mpaka unitukane."

"Nakutukana sasa hivi, mzee wangu."

"Kimoyomoyo. Hifadhi pumzi."

Ikawa hivyo, mpaka jiwe lile lile la sitini lililomtoa machozi msimu wa baridi likawa kama kikapu cha nguo.

Tarehe 16 Agosti 2023 baraza la kanisa lilijaa. Bixente alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, na mtungi wake wa oksijeni. Garazi alilikumbatia la themanini. Likatoka ardhini, likafika mapajani, likateleza! Watu wakaguna. Kila nyumba inajaribu mara mbili tu.

"Una haraka ya kwenda wapi?" Bixente alifoka, na sauti hiyo hatujui aliitoa wapi. "Inama! Chini zaidi! Kama kwenye mbao!"

Garazi akainama mpaka makalio yakakaribia vumbi. Magotini. Mapajani. Kifuani, na hapo likasimama, na uso wake ukawa mwekundu kama pilipili. Xixili akaziba macho. Fermin, Fermin yule yule, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Pandisha, dada, pandisha!" Na likapanda. Begani, bega la kulia, likatulia! Kofia zilirushwa, kengele ikagongwa, na watu waliokuwa hawasalimiani tangu mwaka juzi wakakumbatiana.

Msomaji akasoma kwa mazoea: "Sagastizabal: Bixente."

"Garazi!" Bixente akang'oa bomba la oksijeni puani. "Soma vizuri, wewe! Sagastizabal: Garazi!"

Ikasomwa upya.

Baada ya hapo ugonjwa ulimlemea haraka. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024, saa kumi alasiri. Siku mbili kabla, alimwuliza Garazi, "Agosti hii nani?"

"Mimi, Baba."

"Bega gani?"

"La kushoto safari hii, na jiwe lile lile. Nimeshaanza."

Akatingisha kichwa kukubali, akalala.

Ameacha mke, Xixili; mabinti, Garazi na Oihana; wakwe wawili; wajukuu, Maddi, Aratz na Nahia; na jirani Fermin, aliyeomba kutajwa. Mungu ampokee Bixente na ampe pumziko la amani. Asubuhi ya leo, kabla ya kuvaa nguo za msiba, Maddi, mtoto wa Garazi, ameingia zizini na mama yake mdogo Oihana, akalipandisha jiwe la sitini mpaka magotini.