Sogea Kidogo: Wasifu wa Fundi wa Mawimbi

Marehemu, ambaye sote hapa tulimwita Sogea Kidogo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitinda mimba wa mpiga ishara wa stesheni. Alizaliwa kabla ya siku zake. Mama yake alikuwa akisema hilo ndilo jambo pekee mwanawe aliloliwahi.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1966, katika ghala lililogeuzwa darasa, lenye kuta za zege na paa la bati. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta hajaandika kitu.

"We mtoto, husikii?"

"Nasikia, mwalimu. Nasikia mara tatu tatu, ndiyo maana sielewi."

Alichapwa kwa ujeuri. Hakuwa jeuri; sauti ilikuwa inagonga kuta na kumfikia kwa awamu. Mwaka 1981 alihitimu chuo cha ufundi wa simu akiwa wa pili. Wa kwanza aliingia kwenye biashara ya mbao na hajambo.

Simu za mkononi zilipofika mjini, kampuni ilimpeleka kitengo cha upimaji. Kazi yake ikawa kuwaeleza watu jambo wasilotaka kulisikia: kwamba wimbi halifiki kwa njia moja. Moja hutoka mnarani moja kwa moja, jingine hugonga ukuta wa benki kwanza, jingine huzungukia paa la soko, kisha yote hukutana kwenye simu yako. Yakipatana, unasikika. Yakigombana, yanafutana, hata kama mnara unauona kwa macho. Tofauti ya kupata na kukosa huweza kuwa upana wa kiganja. Ndiyo maana kila aliyelalamika alijibiwa, "Sogea kidogo."

Mkewe alikuwa mmoja wa waliojibiwa hivyo. Alikuwa na kibanda cha ushonaji, na simu ilimkatikia kila alipoketi kazini.

"Kaka, mnara mmeweka nyinyi, nisogee mimi? Na cherehani nacho nikibebe kichwani?"

Marehemu alirudi wiki iliyofuata na vipimo, na iliyofuata tena bila vipimo. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1998 na kujaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 jengo la vioo lilisimamishwa mbele ya mtaa wao. Vioo vile vilitupa mawimbi kila upande, na chumba cha kulala cha marehemu kikawa mahali ambapo simu inaonyesha vijiti vya mtandao vimejaa na sauti haitoki. Aliomba antena ndogo iwekwe mwisho wa mtaa. Kampuni, ambayo bado alikuwa mtumishi wake, ilituma gari la upimaji.

"Mzee, gari limepita. Wastani wa mtandao uko juu," msimamizi alimwambia.

"Lisimame basi. Likisimama mtaona."

"Utaratibu ni kupita, mzee wangu."

Gari linalopita halikai kwenye shimo la mtandao, pale mawimbi yanapofutana. Linaliruka na kuandika wastani. Marehemu alisema watu hawalali kwenye wastani. Hilo halikuandikwa popote.

Alistaafu mwaka 2019 na kuendelea kuomba kama mteja. Binti wa huduma kwa wateja alimuuliza, "Baba, umejaribu kuzima na kuwasha?" Akauliza, "Jengo?" Malalamiko yake yalipokewa, na kwa mujibu wa utaratibu alipigiwa simu ili ayathibitishe. Hakupatikana. Yakafungwa. Aliyafungua upya kila mwaka, na kila mwaka hakupatikana, kwa sababu ileile aliyoilalamikia.

Moyo wake ulianza kushindwa mwaka 2023. Daktari alisema hali ikibadilika isipotezwe hata dakika, liitwe gari la wagonjwa. Kuanzia hapo antena haikuwa tena ubishi wa mstaafu. Kitanda kilihamishwa kona zote nne. Kila kona ilifaa mpaka lori lilipoegeshwa nje, au mlango wa jirani ulipofunguliwa, mawimbi yakajipanga upya.

Mchana wa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, pumzi ilibadilika. Mkewe alipiga simu akiwa amemshika mkono. Vijiti vya mtandao vilikuwa vimejaa. Sauti ilikatika, ikakatika tena. Ilimbidi auachie ule mkono, atoke hadi uani, karibu na tangi la maji. Huko alisikika vizuri. Aliulizwa jina, mtaa, umri wa mgonjwa, akajibu yote. Gari lilifika upesi, na wahudumu hawana lawama. Lakini mkewe alipokata simu na kurudi ndani, mumewe alikuwa ameshafariki.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja wa kike, dada mmoja, na sisi wadogo wa ukoo tuliomsumbua kwa simu zetu mbovu. Kampuni imetuma shada la maua, na antena haikuwekwa.

Mjane ameomba jambo moja kwa watakaokuja kumpa mkono. Msimwambie kwamba mzee alimsikia akiongea uani, wala kwamba alijua anarudi. Yeye aliyekuwepo anasema ukuta ni mnene, na mumewe alikata roho peke yake. Mpeni pole tu, inatosha.

Naye marehemu apewe amani huko aliko.