Virginie Vagheni na mtihani uliobaki Kinshasa

Mapadri wetu, wazee wa ukoo, walimu na wanafunzi wa Butembo, majirani wa hapa mtaa wa Ruwenzori, Beni, nanyi mliotoka Lubero mukapita barrière zote zile za askari ili mufike kwenye kilio hiki, familia inaomba masikio yenu, tuwasomee njia aliyoipita dada yetu, bibi ya Éphraïm, mama ya Jemima, tangu alipoingia duniani mpaka juzi Alhamisi alipotuacha, na mutuvumilie pahali sauti itakatika.

Virginie Vagheni Syauswa alizaliwa Lubero tarehe 14 ya mwezi wa tatu 1969, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa papa Syauswa Ésaïe na mama Débora, wakulima wa viazi, pomme de terre, na maharagi kwenye milima ile ya baridi, na jina Vagheni, yaani wageni, alipewa kwa sababu siku ile nyumba ilijaa wageni waliokuja kuposa shangazi yake, wakakuta mama mwenye nyumba ameshikwa na uchungu, wakangoja kwenye kiwanja mpaka waliposikia mtoto analia, wakala karamu mbili kwa siku moja.

Masomo ya msingi aliyafanya kwa masista wa Lubero, kutoka 1975 mpaka 1981, kisha akateremka Butembo kwa masomo ya sekondari, section ya math-physique, ambako wasichana walikuwa wachache sana, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka wa 1987 na asilimia sabini na moja. Waliosoma naye wako hapa, watatushuhudia kwamba Virginie hakuwa mwepesi, alikuwa mzito na mkaidi, akishika swali moja haliachilii, ugali unapoa mbele yake, sombe, mboga ya majani ya muhogo, inakauka, rafiki zake wanamaliza kula wanaenda kuosha masahani, yeye angali anatazama ukuta. Mwaka wa 1988 aliingia université kule Kisangani, katika hesabu, na kwa sababu ya miaka ile ambapo masomo yalikuwa yanafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka, licence yake, shahada ya kwanza ya chuo, aliipata mwezi wa saba 1995 tu, papa Syauswa akauza ng'ombe wake wa mwisho ili watu wa kijiji wanywe na kufurahi, akasema mbele ya wote, “Huyu ni mwanamuke, mais amenitoa haya kuliko batoto banaume.”

Kazi aliianza Butembo mwezi wa tisa 1995, mwalimu wa hesabu kwenye sekondari, na mwaka uliofuata akachukuliwa kuwa assistante, mwalimu msaidizi, kwenye taasisi moja ya juu palepale mjini, akafundisha miezi michache, vita ya kwanza ikafika, askari wakapitia, wengine wakikimbia na wengine wakiwafuata, na waliorudi darasani walikuta madawati yamegeuzwa kuni. Virginie alifundisha wanafunzi wakiwa wamekaa juu ya matofali, na mwezi wa kumi 1997, njia zilipofunguka kidogo, alipanda avion, ndege, hapa kwenye uwanja wa Mavivi, akapitia Goma, akafika Kinshasa kuanza masomo ya DEA, yaani masomo ya juu baada ya licence, katika analyse na katika ile wanayoiita théorie de la mesure, elimu ya kupima.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa furaha kwake, aliturudilia kusema hivyo mara nyingi, ijapokuwa aliishi kwenye chumba cha kupanga kisicho na dirisha na kula mara moja kwa siku. Kozi ya kupima ilifundishwa na Profesa Malachie, mzee mkali, mwenye kusimamisha mtu ubaoni mpaka jasho litoke, na Virginie alimpenda kama papa wa pili. Mwezi wa saba 1998 alifaulu mitihani yote isipokuwa huo mmoja wa mesure, si kwamba aliushindwa, ila Profesa alilazwa na malaria siku zile, mtihani ukasogezwa mpaka mwezi wa tisa, na Virginie akaona afadhali aje kwanza nyumbani, afunge ndoa iliyokuwa inangojwa, kisha arudi kuumaliza.

Ndoa yake na Kambere Éphraïm, mununuzi wa kahawa hapa Beni, ilibarikiwa Jumamosi tarehe 1 ya mwezi wa nane 1998, tulicheza mpaka jua likachwa, na kesho yake, Jumapili, kabla hatujamaliza kuosha masufuria ya karamu, radio ilitangaza kwamba vita imeanza tena Goma. Tikiti yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe 22 ya mwezi uleule. Siku hiyo Éphraïm alimsindikiza Mavivi na valizi, wakangoja hapo mpaka saa tisa, uwanja mutupu, nyasi inapepea, mpaka askari mmoja akawasogelea akauliza, “Munangoya nini?” Éphraïm akajibu kwamba wanangoja avion ya kwenda Kinshasa, na askari akacheka mpaka akashika magoti, akasema, “Kinshasa sasa ni inchi ya bengine, papa. Murudiye kwenu.”

Ndivyo inchi ilivyokatika vipande viwili, mtihani wake ukabaki upande ule, yeye upande huu.

Aliishi na bwana wake hapa Ruwenzori, na kila wiki alipanda gari kwenda Butembo kufundisha, akashushwa kwenye kila barrière, akapekuliwa, akaulizwa vile vitabu ni vya siasa gani. Jemima alizaliwa tarehe 9 ya mwezi wa tano 1999. Kabla ya hapo, katika miezi ya kwanza ya kukwama kwake, mama Débora alikuja kumuona, akamkuta ameinama juu ya makaratasi, akamuuliza kwa uchungu wa mzazi, “Vagheni, hiyo masomo yako inapimaka nini?” Naye akamueleza polepole kwamba ni namna ya kupima kitu chenye kimevunjika-vunjika, chenye vipande vyake havihesabiki, hata hivyo mutu akasema bila kudanganya kile kitu ukubwa wake ni kiasi gani. Mama akasema, “Basi upime hii inchi.” Virginie hakucheka, alijibu tu, “Mama, hii hapana.”

Hakukubali kukaa bure. Tangu mwanzo wa 2000, kila Alhamisi, alikusanya vijana wenye licence pale Butembo, kwenye chumba cha nyuma cha parokia, akawafundisha ile kozi nzima ya mesure, na alipofika pahali ambapo yeye mwenyewe hakuelewa alisimama mbele yao akasema, “Hapa sijuwi, tutafute wote,” wakatafuta mpaka wakapata, hata kama ilichukua mwezi. Walikuwa darasa zuri. Éliakim, aliyekuwa hodari kuliko wote, alitoka siku moja kwenda kuangalia shamba la mzazi wake karibu na njia ya Beni, wenye silaha wakamshika, na mpaka leo hatujapewa hata mwili wa kuzika. Wengine waliogopa barabara, mmoja akaingia kwenye biashara ya petroli, mmoja akaenda Uganda, na mwisho alibaki Ornella peke yake, na Virginie akaendelea kutoka Beni kwa ajili ya yule mmoja, mpaka Ornella mwenyewe akamwambia, kwa heshima na machozi, kwamba wazazi wamechoka, amepata nafasi ya kuuza bitenge sokoni. Ornella yuko hapa, amekaa pamoja na wamama, tunamuomba asijilaumu.

Mwezi wa tano 2001 padri mmoja, aliyetoka Kinshasa kupitia Nairobi, alileta habari kwa kinywa kwamba Profesa Malachie angefika Kampala mwezi wa sita kwa mkutano wa walimu, na kwamba amesema hivi, “Mwambieni yule wa Butembo aje, nitamuhoji mimi mwenyewe.” Virginie alikuwa amezaa mtoto wa pili, Ésaïe, tarehe 3 ya mwezi wa pili, na tangu uzazi ule miguu yake ilikuwa inavimba, kichwa kikimuuma, munganga wa hospitali akamwambia damu yake iko juu na apumzike. Alimfunga mtoto mgongoni, Éphraïm akatoa pesa za kahawa, wakapitia mpaka wa Kasindi, wakafika Kampala.

Mtihani ulifanyika kwenye kiwanja cha nyumba ya wageni ya kanisa, mbele ya makaratasi, chini ya veranda, kutoka asubuhi mpaka chai ikapoa mara mbili. Éphraïm, aliyekaa mbali kidogo, alituhadisia kwamba mtoto alipolia Virginie alimnyonyesha bila kukata maneno, na alipohitaji mikono miwili Profesa mwenyewe alimpokea Ésaïe kwenye mapaja yake, akaendelea kuuliza. Alimuuliza kuhusu kupitisha kikomo chini ya intégrale, ile alama ya kujumlisha, lini inaruhusiwa na lini ni udanganyifu, akamwambia aondoe sharti moja aone kitu gani kinaanguka, na Virginie akachora kilima kidogo kinachokimbia, kinakwenda mbali, mbali zaidi, ukubwa wake haupungui, na hata hivyo pahali popote unaposimama, mwishowe hukikuti. Mzee akaivuta ile karatasi kwake. “Madame, mais hii nani alikufundisha?” Akajibu, “Hapana mutu, Profesa. Ni kwa kuifundisha ndiyo nimeijua.” Akampa kumi na nane juu ya ishirini, akamwambia kwamba katika miaka yake yote hakuwa amempa mutu alama ile, na Virginie alirudi Beni akiimba ndani ya gari, sisi wote tulimsikia akifika.

Tarehe 17 ya mwezi wa kumi na moja 2001, Ésaïe alikufa kwa surua, hapa nyumbani, akiwa na miezi tisa. Na mwezi wa pili 2002, kupitia padri yuleyule, tulijua kwamba jury ya Kinshasa, kamati ya mitihani, imekataa zile alama, kwa sababu mtihani haukufanyika ndani ya majengo ya université wala kwa session iliyopangwa, na kwamba Profesa Malachie aligomba mpaka akatoka mkutanoni na kupiga mlango. Mwezi wa nane wa mwaka ule Profesa alifariki. Virginie alikaa siku ile yote kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba, Jemima akimvuta nguo, na kuelekea jioni, alipoulizwa na Éphraïm kama atakula, alijibu, “Sasa nani atasema kama niliijua?”

Mwaka huu wa 2003, viongozi walipokubaliana na inchi ikaanza kuunganishwa, avion za Kinshasa zilianza tena kushuka Mavivi, na tarehe 8 ya mwezi wa tisa alipanda moja, miguu imevimba mpaka viatu vikakataa, akaenda na sandale. Kwenye bureau ya université alipokelewa na bwana mmoja ambaye hakumtazama usoni, akaambiwa kwamba programu imebadilishwa, kwamba mutu aliyekosa zaidi ya miaka miwili hata mitihani aliyofaulu inafutwa, na kwamba anaweza kuanza upya, première année, mwaka wa kwanza, kozi zote. Alisema, “Mimi sikukosa, monsieur. Njia ndiyo ilikosekana.” Yule akajibu kwamba sheria ya chuo ni sheria, règlement ni règlement, akamuomba asogee, kuna wengine nyuma. Virginie alisogea. Alipotuhadisia hayo hakuonyesha hasira, na hiyo ndiyo iliyotuogopesha, kwa maana mkaidi akiacha kukasirika, watu wake wajue ameshachoka.

Alirudi mwezi wa kumi, na tarehe 12 ya mwezi wa kumi na moja alilazwa hospitalini hapa Beni, wanganga wakaona kwamba figo zote mbili hazifanyi tena kazi, na mashine ya kusafisha damu haiko Beni, haiko Butembo, iko mbali kuliko uwezo wetu, hata tungeuza nyumba. Katika siku za mwisho Éphraïm alimwambia kwamba mwaka mupya wataenda Kinshasa wote, pamoja na Jemima, ataanza ile première année na kuwaonyesha, naye akamshika mkono akamwambia, “Éphraïm, na wewe usinidanganye.” Alifariki Alhamisi tarehe 11 ya mwezi wa kumi na mbili 2003, asubuhi, mama Débora akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, anaacha bwana na mtoto mmoja wa miaka minne ambaye tangu juzi anauliza kama mama amepanda tena avion.

Familia inawashukuru wanganga na wauguzi, waliofanya kwa mikono mitupu yale waliyoweza, majirani wa Ruwenzori walioleta kuni, maji na makabichi bila kuitwa, mapadri, kwaya, na walimu wenzake wa Butembo, ambao kwa upendo walituomba tuandike msalabani kwamba alikuwa na DEA, maana wao wanajua alistahili. Tumewasikia, tumekaa tukazungumza, na papa Syauswa amesema hapana, mtoto wake hakuwahi kuandika kitu ambacho hakijathibitishwa, hatutamuandikia sisi. Msalaba una jina lake na miaka yake, nafasi iliyobaki tumeiacha wazi.

Vagheni wetu, nenda, pumuzika, na amani uliyoikosa huku ikukute kule.