Mstari Uliokosa Jina: Maisha ya Mama Daftari

Baba Kasisi, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofika. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu. Watoto wake ndio walioniomba nisome wasifu huu. Niliwaambia wamekosea kuchagua, hawakunisikia. Basi mnivumilie. Katibu wa kamati alinipa ukurasa mmoja katika kijitabu mlichoshika, nami nimejaza kurasa mbili na kuingia wa tatu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Agosti 1949, saa nne asubuhi, katika nyumba namba saba ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba fundi wa reli na mama mshonaji. Tulizaliwa watatu, wa kati akatutoka akiwa mchanga. Mama alikuwa akisimulia kwamba kengele ya kanisa ililia wakati mkunga anamnawisha, na mtoto akanyamaza kuisikiliza. Mama alipenda kutia chumvi kidogo, lakini hilo nalikubali. Tangu nipate akili, dada yangu alikuwa mtu wa kusikiliza. Alibatizwa mwezi Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1963 akapokea kipaimara katika kanisa hilihili la parokia yetu ya Kianglikana.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimpa kazi ya kuandika majina katika daftari la mahudhurio. Mimi nilijifunza kuandika jina langu kutoka kwake, juu ya meza ya cherehani ya mama, kwa chaki ya kuchoria nguo. Nilikuwa naruka herufi moja kila mara. Akanishika mkono akasema, "Rudia. Ukiruka herufi umekuwa mtu mwingine." Nilirudia mpaka chaki ikaisha, na mama akatugombeza wote wawili.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa kuwa karani wa masjala ya hospitali kuu. Akakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2004, miaka thelathini na minne katika chumba kisicho na dirisha, rafu za majalada hadi darini na ngazi ya mbao ya kupandia. Daktari akiita jalada, lilikuwa mezani kwake kabla hajamaliza chai. Kwa hiyo aliamini sana kilichoandikwa. Kadi ikisema mtu ameruhusiwa kwenda nyumbani, kwake mtu huyo alikuwa mzima, basi, mjadala umefungwa. Hilo mlikumbuke, maana lilikuja kumtia aibu.

Humohumo masjala alimpata mume. Fundi saa mmoja alikuja kutafuta jalada la baba yake, dada akamwambia arudi Alhamisi. Fundi akatazama saa ya ukutani iliyokuwa imesimama tangu mwaka uliotangulia, akasema atarudi kweli, lakini humu ndani Alhamisi haitafika kamwe. Alirudi na bisibisi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1976. Nathubutu kusema alikuwa fundi saa wa pekee duniani aliyechelewa ibada kila Jumapili, na dada hakuacha kumtania. Walijaliwa watoto wawili, binti na mwana. Shemeji yangu alitangulia tarehe 3 Novemba 2009.

Sasa nije kwenye kanisa, maana ndiko mlikomjua. Alifua na kupiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana. Alipanga maua. Alikuwa mhazini, kisha mwenyekiti, wa umoja wa akina mama. Lakini jina la Mama Daftari alilipata kwa kazi moja. Tangu mwaka 1988 alisoma sala za maombezi, na majina aliyatunza katika daftari kubwa la jalada gumu. Ukurasa wa kushoto aliandika Wagonjwa. Ukurasa wa kulia aliandika Waliotangulia. Watu walimletea vikaratasi, naye akavinakili kwa ule mwandiko wake.

Jumapili tarehe 17 Machi 1996 alipokea kikaratasi kuhusu kinyozi wetu, aliyekuwa amelazwa majuma matano. Kiliandikwa hivi: "Kinyozi hayupo tena." Aliyeandika alitaka kusema hayupo tena wodini, karuhusiwa jana. Dada yangu, mtu wa masjala, alisoma kilichoandikwa. Akalihamisha jina kutoka kushoto kwenda kulia, akasimama mbele ya kanisa zima, akamwombea kinyozi pumziko la milele. Watu wakaguna kwa majonzi. Akasema, "Bwana, kwa rehema zako," nao wakaitikia, "utusikie." Na katika benchi la mwisho, amekonda, amejifunga shali shingoni, kinyozi naye akaitikia, "utusikie," halafu akainuka ili aonekane.

Kanisa lilicheka hadi kasisi wa wakati ule akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Dada hakuwa na pa kuuweka uso wake. Ibada ilipokwisha alimfuata kinyozi kumwomba radhi, akidhani atakuta mzaha. Kinyozi hakuwa anacheka. Alimwambia, "Mama, mngefika hata mara moja, mngejua bado napumua."

Kwa majuma matano jina lake lilisomwa kila Jumapili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona.

Dada alirudi nyumbani akashika tama mpaka jioni. Jumapili iliyofuata alisimama akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hatasoma jina la mtu ambaye yeye au mwenzake hajafika kwake. Wengine walinung'unika kwamba Mungu anasikia hata bila ukaguzi. Akawajibu kwamba Mungu hana tatizo, mwenye tatizo ni yeye. Akaanza kwenda Jumamosi, nyumba kwa nyumba, wodi kwa wodi. Wa kwanza kuungana naye alikuwa kinyozi mwenyewe na mkoba wake wa mashine. Kinyozi aliwanyoa wagonjwa palepale kitandani, dada akawakata kucha na kuwaandikia barua. Kikundi kile kikaitwa Waliofika. Mwaka jana kilikuwa na watu thelathini na mmoja, na wengi wenu ninawaona hapa.

Na sasa napiga moyo konde, maana hapa naingia mimi.

Mama yetu alifariki mwezi Mei 2013. Mimi nilikuwa dereva wa lori, niko safarini. Nilifika siku mbili baada ya maziko. Nilipoingia sebuleni, watu wamejaa, dada aliinuka akaniuliza mbele yao wote, "Mama amekuita siku tatu. Ulikuwa wapi?" Niligeuka nikaondoka, na kwa miaka kumi na moja sikumsemesha. Alikuja kwangu mara tatu. Mara zote nilikuwa ndani, naye alijua, maana redio ilikuwa inaongea. Alibisha, akasubiri, akaenda zake. Sisemi haya kwa kujisifu. Nilikuwa na kiburi, nami nakitaja mbele ya jeneza lake.

Wengi wenu mtakumbuka kwamba katika kusoma majina, baada ya jina la nne alikuwa ananyamaza kidogo. Mlidhani anatafuta mahali kwa ile miwani yake. Wanakwaya walikuwa wakimwigiza. Mimi nilikuwa nasali kanisa jingine, sikujua.

Mwezi Oktoba 2023 figo zake zilianza kushindwa. Kuanzia Machi 2024 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa juma, na kitini pale alikuwa akiwauliza wagonjwa wa kushoto na kulia majina yao, anaandika. Mwezi Januari mwaka huu kinyozi alikuja mlangoni kwangu na mkoba wake, akasema amekuja kuninyoa. Sikuwa nimemwita. Nilimfungulia, nikakaa, na mashine ilipokuwa inapita kisogoni, pale ambapo mtu hawezi kuinuka, akaniambia habari ya daftari. Alisema katika ukurasa wa wagonjwa, chini ya jina la nne, dada alikuwa akichora mstari mtupu kila juma, kwa miaka kumi na moja. Kinyozi alimuuliza siku moja ni wa nani. Dada akasema, "Wa mdogo wangu. Siwezi kumsoma, sijafika kwake. Nimefika mlangoni tu."

Nilikaa siku tatu nikizunguka ndani ya nyumba. Jumanne tarehe 21 Januari nilikwenda. Alikuwa kitandani, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinitazama akasema, "Umefika."

Nikamweleza kile nilichokuwa nimekibana miaka yote. Lori liliharibika ekseli siku mbili kutoka mjini, sehemu isiyo na simu, na sehemu kubwa ya njia niliitembea kwa miguu. Alilia. Akasema, "Ungeniambia." Nikamwambia angeniuliza. Akasema, "Nilikuuliza. Ila nilikuuliza mbele za watu. Hilo ndilo kosa langu, nisamehe." Nami nilimwomba msamaha kwa milango mitatu. Kisha akaomba daftari na kalamu, akaandika jina langu juu ya mstari. Nilipotazama, nikamwambia, "Dada, umeruka herufi." Alicheka hadi akakohoa. Akanisukumia kalamu niiongeze mwenyewe.

Jumapili tarehe 26 Januari nilikuwa hapa, benchi la mwisho. Kinyozi ndiye aliyesoma. Baada ya jina la nne hakunyamaza. Nilisikia jina langu kati ya wagonjwa, mimi niliye mzima wa afya, na nilitaka kuinuka nionekane kama yeye alivyofanya. Sikuinuka. Nilijua ugonjwa ambao dada alikuwa ananiombea.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodini, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Alikuwa na binti yake upande mmoja na mimi upande mwingine. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na Waliofika, ambao hawakukosa hata siku moja.

Ameacha binti mmoja, muuguzi. Mwana mmoja, fundi mitambo. Mkwe mmoja, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, ambaye alikuwa naye siku kumi na saba tu, na alizihitaji zote.

Jambo la mwisho. Jina lake lilikuwa bado ukurasa wa kushoto. Kwa sheria yake, haliwezi kuhamishwa kwa sababu ya kikaratasi wala kwa sababu ya kusikia. Anayelihamisha ni lazima awe amefika. Jana kinyozi aliniletea daftari, akalifungua mapajani mwangu, akanipa kalamu, akaenda kusimama dirishani. Nimeliandika ukurasa wa kulia, polepole. Nimelirudia kulisoma mara mbili. Sikuruka herufi.

Dada, umefika. Pumzika.